Mahari ya Padre

Parokiani, Bariadi
11 Februari 1978

Dada Generoza,

Tumsifu Yesu Kristo. Wanijua, nikiwa na aibu huanza barua kwa kuzunguka. Leo sina nafasi ya kuzunguka. Parokia yangu imekwama.

Tangu kipindupindu kiingie wilayani, serikali imepiga marufuku mikusanyiko yote: minada, ngoma, matanga, hata Misa. Jumapili nasali na Marcelo katekista, sisi wawili, milango imefungwa. Watu wasipokuja hakuna sadaka. Mashine ya kusaga, ambayo ndiyo hasa hututunza, nayo imefungwa kwa sababu kina mama hupanga foleni pale. Makatekista wa vigangoni hawajapata posho, na yule wa Sapiwi ameshauza kuku wake wote. Zahanati yetu haina dripu, na wagonjwa wanaletwa kwa matela ya ng'ombe kila asubuhi. Nimeliandikia jimbo. Jimbo limejibu kwamba linatuombea.

Basi nimewakumbuka ng'ombe wale. Nasema wale aliowatoa Salu alipokuoa wewe, baba akawatenga wawe mahari ya mke wangu mimi. Mimi nikaenda seminari, wao wakabaki zizini wakazaana. Baba alipokufa neno juu yao alimwachia mama, na miaka yote hii mama hajakubali auzwe hata mmoja. Mwombe aniachie. Mwambie si kwa ajili yangu.

Hapana, mwambie ukweli. Ni kwa ajili yangu pia. Siku nilipopewa upadre, mama alibaki nyumbani akipalilia pamba. Akiwatoa ng'ombe hao kwa kanisa nitajua kwamba amekubali mwanawe awe padre. Nalitaka hilo kuliko ninavyotaka posho ya makatekista, na Mungu anisamehe.

Mdogo wako,
Padre Januarius Mayala


Nkololo
18 Februari 1978

Padre, mdogo wangu,

Milele amina. Barua yako nilimsomea mama akiwa anachambua choroko. Hakuinua kichwa mpaka nilipofika kwenye ng'ombe.

"Hao ni wa wakwe zangu," akasema. "Na wakwe zangu sijawaona bado."

Nikamwambia, "Mayu, Januarius ni padre. Mapadre hawaoi."

"Alipokuwa mdogo alisema hatakula mlenda. Sasa hivi anakula au hali?"

Nilicheka, naye akacheka, halafu akarudi kwenye choroko zake. Usidhani mama analichukia kanisa. Mimi alinituma kubatizwa kwa miguu yangu mwenyewe, akanipa na karanga za kula njiani. Anachokiogopa ni mji wa baba kubaki bila mtoto wa kuitwa Mayala. Ng'ombe wakiondoka zizini, ndipo atakapojua kwamba haji mtu.

Nilipombembeleza sana alisema hivi: kama Januarius anataka kitu cha mama yake, aje akiombe kwa kinywa chake. Mtu haombi ng'ombe kwa karatasi. Kwa hiyo njoo, na usije na hotuba. Kaa naye chini, palilia naye mistari miwili mitatu, ndipo useme.

Ugonjwa haujafika kwetu. Mama anasema utafika, kwa sababu tangu tulipohamishiwa kijijini tumebanana na wote tunachota kisima kimoja. Zamani, anasema, kila mtu alikuwa na mji wake, na ugonjwa ulichoka njiani.

Dada yako,
Generoza


Bariadi
4 Machi 1978

Dada,

Nimechelewa. Nilikuwa nawazika watu hapa mjini, halafu nikapanda baiskeli nije kwa mama, nikakuta kizuizi barabarani. Bwana afya ananifahamu, hata Misa huja, lakini alinirudisha. Anasema kipindupindu kimeshaingia Nkololo na hakuna anayetoka wala anayeingia. Barua zitapitia kwa Marcelo, ambaye hufika kizuizini na chumvi na sabuni za mzee Faki mwenye duka.

Mko salama? Mama yuko salama? Chemsheni maji, hata ya kunawa.

Sikiliza. Nimekata shauri. Alhamisi ijayo giza likiingia nitaacha barabara, nivuke mto kule chini wanakonyweshea mifugo, nije nimwone mama. Alisema niombe kwa kinywa changu. Nimeshawahubiria watu wengi sana habari ya toba na msamaha, na mama yangu mwenyewe sijawahi kukaa naye chini nikamwambia kwa nini niliondoka. Nikifa baada ya hapo, nife. Usinikataze.

Januarius


Nkololo
7 Machi 1978

Padre Januarius,

Usije. Nakuambia kama dada yako mkubwa niliyekubeba mgongoni.

Hakuna haja ya kuja. Mama amekubali. Ng'ombe wote wa mahari wametolewa, na bwana afya amesema mifugo inaruhusiwa kupita. Salu atawafikisha kizuizini kesho kutwa, Marcelo awapokee upande wa pili. Wauze ufanye kazi ya parokia yako.

Tena nasema usije. Kizuizi kitaondoka siku moja. Mto usiuvuke.

Generoza


Nkololo
7 Machi 1978

Marcelo,

Karatasi hii ni yako peke yako, ukishasoma uichome.

Mama amefariki jana mchana. Aliugua alfajiri, na jua halijaanza kushuka akawa ameisha. Vijana wa bwana afya wamemzika nyuma ya ghala la pamba pamoja na wengine, wakamwagia chokaa. Sisi tulisimamishwa mbali kama watu wasiomjua. Hatukumwosha wala hatukumlilia, na matanga hakuna.

Padre akijua atauvuka mto. Wiki hii watu waliingia hapa kwa njia za panya kuwazika ndugu zao, na wenyewe wamelala nyuma ya ghala hilo hilo. Nimempoteza mama. Siwezi kumpoteza na yeye. Nishikie neno hili mpaka kizuizi kiondoke. Dhambi iwe yangu, wewe nakuomba unyamaze tu.

Generoza


Bariadi
19 Machi 1978, Jumapili ya Matawi

Dada yangu mpendwa, na wewe mama yangu utakayesomewa,

Sijui nianzie wapi. Ng'ombe wamefika. Walipita katikati ya mji Marcelo akiwa nyuma yao na fimbo, watu wakatoka milangoni kutazama. Mzee Faki amewanunua kwa bei ya haki, na kundi lile analipeleka Mwanza. Yule jike mwekundu mwenye baka usoni alinirudishia, akasema, "Padre, mama akikupa mali usiimalize yote." Mimi na yeye dini zetu ni mbili, na jana nilimwombea Misa.

Makatekista wamepata posho. Yule wa Sapiwi alizishika zile noti akakaa chini kwenye ngazi. Dripu zimekuja. Dizeli ya mashine iko stoo, inasubiri ruhusa. Parokia imesimama, na aliyeisimamisha ni mwanamke ambaye hajawahi kuketi kanisani.

Mama, nimelia kwa ajili yako. Nililia mbele ya Marcelo bila kuona haya, na yeye akalia kuliko mimi, hata nikashangaa.

Dada, niambie kila kitu. Mama hamtoi mnyama zizini bila kuweka maji kinywani na kumpulizia baraka. Aliwapulizia? Alisema nini? Niandikie maneno yake kama alivyoyasema, kwa Kisukuma. Miaka kumi na tisa nimekuwa mtoto aliyetoroka nyumbani. Leo mama amenirudisha.

Januarius


Nkololo
30 Machi 1978

Padre,

Pasaka njema. Salu aliugua, sasa anakunywa uji. Nimemwuguza peke yangu ndiyo maana nimekawia.

Ndiyo, mama alipuliza maji. Maneno yake nitakuambia tukionana, siyo ya kuandika. Usiniulize tena kwa sasa, nimechoka.

Generoza


Bariadi
15 Aprili 1978

Dada,

Habari njema. Wagonjwa wamepungua, na ruhusa imetoka: makanisa na misikiti vifunguliwe. Kizuizi chenu kitaondolewa mwisho wa mwezi. Tarehe 30 tutasali Misa ya shukrani, ya kwanza tangu milango ifungwe, na nimewatangazia watu wote kwamba tunamshukuru Mungu kwa ajili ya mama yangu.

Nataka awepo. Mzee Faki atatuma lori lake Jumamosi liwachukue mama, wewe na Salu. Nimeweka kiti mbele kabisa, upande wa kina mama, kile chenye mikono alichokuwa anakalia padre wa zamani. Kina mama wamechanga wakamnunulia kitenge. Mwambie hatashurutishwa kubatizwa wala kupiga magoti. Akae tu. Nataka nikigeuka kuwatazama watu nimwone.

Mwulize kama lori litamsumbua mgongo. Nitaweka godoro.

Januarius


Bariadi
17 Aprili 1978

Dada Generoza,

Mwadila. Mimi Marcelo. Siwezi tena.

Nilinyamaza kama ulivyoniomba, na kwa ile hatari ya mto nadhani tulifanya sawa. Lakini sasa Padre anatengeneza godoro. Jana alinituma nipige msasa mikono ya kile kiti isije ikamchoma mama. Nimekipiga msasa, dada, huku najua. Jioni aliniuliza kama mama apewe maua wakati wa kuingia au wakati wa matoleo, nikasema wakati wa matoleo.

Kanisani kila mtu anajua kwamba mama Nyanjige amempa mwanawe baraka. Lori likija na nyinyi wawili tu, ataanguka mbele ya watu. Mwandikie. Usipomwandikia wewe nitamwambia mimi, na neno la mama halipaswi kutoka kwenye kinywa changu.

Marcelo


Nkololo
20 Aprili 1978

Januarius,

Leo sikuiti Padre. Kaa chini kabla hujaendelea.

Mama hayupo. Alifariki tarehe sita Machi. Nilipokuandikia kwamba amekubali, alikuwa amezikwa. Marcelo alijua kwa sababu mimi nilimfunga mdomo, usimgombeze. Nilikudanganya ili usivuke mto. Mpaka leo nikiwaza ungekuja, naona kaburi lako nyuma ya ghala, na ningekudanganya tena.

Lakini kuna jingine, na hili ndilo linalonizuia kulala. Ulitaka maneno yake. Siku ile asubuhi, kabla ugonjwa haujamshika sana, nilimkumbusha habari ya ng'ombe. Akakataa. Akasema ng'ombe wasiguswe, wewe utarudi tu. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake akiwa na akili zake timamu.

Baadaye maji yalimwisha mwilini. Chumvi ya kumchanganyia maji tulikuwa nayo, sukari haikuwepo kijiji kizima. Sauti ilikauka, macho yakaingia ndani. Akaanza kuniuliza, "Januarius amefika?" Nikasema bado. Akauliza tena, na tena, kila akizinduka. Mwishowe nikasema amefika. Akauliza, "Amekuja na nani?"

Sikufikiri, Januarius. Naapa sikuwa nikiwaza ng'ombe wala parokia. Nilimwona anavyonitazama, nikasema, "Amekuja na mke wake, Mayu."

Hujawahi kumwona mama akifurahi vile. Akaomba maji, nikadhani anataka kunywa. Akayashika kinywani, akajaribu kuyapuliza kuelekea zizini, yakamwagikia kidevuni. Akasema, "Wapelekeni ng'ombe kwa wakwe zangu leo leo. Mtoto wa watu asilale kwetu bila kutolewa mahari."

Basi hayo ndiyo maneno yake. Alibariki kweli. Lakini alibariki mahari ya mke ambaye hayupo, na mimi nikawaleta ng'ombe kwako kwa sababu alisema watolewe leo leo, na sikujua pengine pa kuwapeleka. Upadre wako hakuukubali. Alikufa akiamini umeuacha.

Kama huwezi kunisamehe nitaelewa.

Generoza


Bariadi
2 Mei 1978

Dada Generoza,

Sikujibu mapema kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira yangu sikuitaka kwenye karatasi. Nilikaa nayo chumbani. Marcelo aliniletea chakula akakiweka mlangoni, siku ya pili akakiondoa kama kilivyo.

Misa niliisali. Kiti nilikiacha palepale. Wakati wa mahubiri niliwaambia watu ukweli wote: kwamba mama alifariki, kwamba ng'ombe aliwatoa kwa ajili ya mke wangu, na mimi sina mke. Nikashindwa kuendelea. Ndipo mwanamke mmoja wa Sapiwi, aliyezikiwa watoto na vijana wa bwana afya, akaanza kulia kwa sauti. Akafuata mwingine. Dada, tangu ugonjwa uingie hakuna aliyeruhusiwa kulia msiba wake. Walilia kanisa zima, wanaume pia, mpaka jua likapanda. Misa ile ikawa matanga ya watu wote. Wakati wa matoleo walileta mayai, mtama, vibaba vya choroko, na mtu mmoja alileta jembe. Marcelo anasema parokia imepona. Nadhani ni kweli.

Mzee mmoja wa baraza alinifuata sakristia akaniambia nisihuzunike, kanisa ndilo mke wangu, kwa hiyo mama hakudanganywa na ng'ombe wamefika walipotakiwa. Nilimshukuru. Ni neno zuri, nimelihubiri mimi mwenyewe. Lakini mama hakutaka neno zuri. Alitaka mkwe wa kumchotea maji.

Bado sijakuambia kwamba nimekusamehe. Nikisema leo nitakuwa nimesema kama padre, na wewe unastahili nikusamehe kama mdogo wako. Kizuizi kimeondoka. Jumatano ya wiki ijayo nakuja, unionyeshe nyuma ya ghala. Jike mwekundu nakuja naye, arudi zizini.

Ila kuna jambo silielewi. Mama hakuwa mtu wa kuamini asichokiona. Ulimwambia nimekuja na mke, naye akaamini hadi akabariki. Alimwona nani? Niambie kabla sijafika, nisije nikakuuliza pale kaburini.

Januarius


Nkololo
5 Mei 1978

Mdogo wangu,

Macho yake yalikuwa yameshafifia, alikuwa anaona kivuli tu. Aliposema anataka kumwona mkwewe, nilitoka nje, nikajifunga kitenge kingine, nikaingia tena nikapiga magoti kama bibi harusi. Akaomba mkono, nikampa wangu. Akaupapasa kiganja. Akasema, "Huu umeshika jembe. Januarius amechagua vizuri." Akaniuliza wewe uko wapi, nikasema uko zizini na Salu mnatoa ng'ombe. Akaridhika.

Alizungumza nami muda kidogo, kama mama mkwe. Akanielekeza mtungi wa mbegu za karanga ulipo. Akaniambia wewe hupendi chumvi nyingi, na ukikasirika hunyamaza, nisikufuate, nikuache urudi mwenyewe. Niliitikia kwa sauti ndogo ya ugeni ili asinitambue.

Kisha akauliza, "Generoza yuko wapi?"

Nikasema amekwenda kisimani.

Akasema, "Mwambieni awahi. Nataka kumuaga."

Nilitaka kusema ni mimi hapa, Mayu. Lakini mkono aliokuwa ameushika ulikuwa mkono wa mke wako, na nisingeweza kuuchukua tena. Akageuza uso mlangoni akaningoja, mpaka akafa.

Dada yako,
Generoza